Tamthilia ya Mererani: shimo, mlipuko na mafuriko tunavifanyaje jukwaani?

mwongozaji_chuo
Habari wadau. Tunaandaa tamthilia ya saa moja na nusu kuhusu maisha ya wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani, Simanjiro, wakati wa mafuriko ya migodini ya 1998. Waigizaji ni 9. Jukwaa lina upana wa mita 8 na kina cha mita 5, na halina mtambo wowote wa kupandisha vitu juu. Mswada unaanzia getini, askari wanampekua Mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo. Kisha tunazama mgodini, baruti inalipuka, kijana anapata jiwe la bluu linalong'aa, halafu maji yanaingia. Kwa vumbi nimefikiria unga wa ngano, kwa mafuriko ndoo za maji. Naombeni ushauri kabla hatujaanza kununua mbao.

fundi_mbao
Mkuu, unga wa ngano uache kabisa. Ukitawanyika hewani ndani ya ukumbi uliofungwa unaweza kulipuka kwa cheche moja tu, na taa za jukwaa zina moto mkali. Saruji nayo usiiguse, inaunguza macho na mapafu. Ndoo za maji zitakutana na nyaya sakafuni.

Kuhusu shimo, usijaribu kumshusha mtu kwa kamba. Jenga jukwaa la pili nyuma, urefu mita 6, kina mita 2, kimo mita 1.2. Juu yake ndiko duniani: bosi, madalali, mama lishe. Chini yake ni mgodi, upande wa mbele uko wazi, na waigizaji wanatambaa kwa magoti. Watazamaji wanaona kote kuwili kwa wakati mmoja.

Miguu ya nyuma iwe kila mita 1.2, mbao za inchi mbili kwa nne. Mbele weka miguu minne tu, kila mita 2, ili isizibe macho, ila boriti ya mbele iwe mbao mbili za mbili kwa sita zilizounganishwa. Jukwaa la namna hii haliangukii chini, linalala upande, kwa sababu mbele hakuna mbao za mshazari. Kwa hiyo piga mishazari nyuma na pande zote mbili, na kila kona ya mbele weka pembetatu ya plaiwudi. Tumia bolti, misumari inalegea watu wakirukaruka. Kuta za ndani zipambwe kwa magunia yaliyopakwa gundi ya mbao na mchanga mchache, na waigizaji wavae pedi za magoti ndani ya suruali.

Kitalu_D
Kwanza tarehe. Ukuta wa Mererani ulijengwa na jeshi na ukakamilika 2018, una kama kilomita 24, na ndio ulioleta geti moja na upekuzi huo. Ukiweka geti hilo kwenye mchezo wa 1998, mtu yeyote wa Manyara atacheka pasipochekesha. Anzia kwenye mdomo wa shimo.

Jiwe pia lisahihishe. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia, bluu huja baada ya kuchomwa kwa joto kali. Kipande cha chupa ya bia kilichosuguliwa kingo kinafaa kuliko kioo cha bluu. Na hapo una mzozo mzuri: kijana ameshika jiwe la kahawia, dalali analimulika tochi na kumwambia halina kitu.

Sura zao zisiwe na udongo mwekundu. Miamba ya pale ina madini ya kinywe (grafiti), mtu anatoka mweusi wa kijivu anayemeta. Saga mkaa laini, changanya kijiko kimoja na vijiko vitatu vya mafuta ya mgando, paka mbali na macho. Masizi ya betri yana kemikali, msiyatumie.

Kikohozi msimpe aliyeanza kazi mwezi uliopita. Vumbi la mwamba kwa kawaida huharibu mapafu kwa miaka, basi mpe mzee wa shimo. Nafasi ya "nyoka", yule mtoto anayepenya vijishimo vyembamba, apewe mtu mzima mwenye umbo dogo.

Ila kubwa ni mtobozano. Migodi jirani inatoboana chini kwa chini, na watu wanagombana kwa sababu yake. Njia hizohizo ndizo zinazopitisha maji kutoka shimo moja hadi jingine. Sehemu ya kwanza wagombee tundu, sehemu ya pili maji yapitie tundu hilohilo. Mkifanya hivyo, mafuriko hayatakuwa bahati mbaya iliyodondoka kutoka nje ya hadithi.

mwongozaji_chuo
Asante sana wakuu, geti nimelifuta tayari. Sasa mlipuko na maji bila maji?

sauti_na_taa
Mlipuko: spika ya besi iwekwe chini ya jukwaa hilo la mbao, igusane na boriti, watazamaji wahisi miguuni. Fataki halisi hapana. Lakini jambo linaloogopesha ni hesabu. Wachimbaji huhesabu milipuko, wakiwasha tambi tano za baruti lazima wasikie milipuko mitano. Piga minne, kisha kimya cha sekunde kumi, huku bosi juu akiwahimiza warudi kazini. Tundu la baruti lisilolipuka linaua anayelitoboa tena, na moshi wa baruti una hewa ya sumu, kwa hiyo anayekataa kushuka ana sababu mbili.

Maji: tangu tuingie mgodini acha mngurumo wa kompresa, mashine ya kusukuma hewa shimoni, uendelee kwa sauti ndogo, mpaka watu wausahau. Ukikatika ghafla, ukumbi mzima utashtuka. Hapo ngurumo ya mvua ianzie spika ya kushoto, na tochi za vichwani zizimike moja moja kutoka kushoto kwenda kulia, ukianzia penye tundu la mtobozano.

Tochi zielekezwe chini nyuzi 30 hivi na kioo kifunikwe karatasi ya manjano, la sivyo zinapofusha safu ya mbele na nyuso hazionekani. Kila mwigizaji azime yake mwenyewe kwa kuhesabu, msitegemee ishara kwenye giza. Fanyeni onyesho hilo mara kadhaa taa zikiwa zinawaka kabla ya kulijaribu gizani, na mtu mmoja awe kwenye swichi kuu akisubiri neno moja mlilokubaliana la kuwasha kila kitu.