Kunde zangu majani tu, maganda hamna, na hili ua limezipanda juu

Mama_Bustani_Kisauni
Salaam aleikum wenzangu. Nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba huku Kisauni, nilipanda kunde masika yalipoanza na zimestawi mpaka majirani wapitia kuchuma mboga, lakini maganda sioni, maua yatoka moja moja halafu yaanguka. Mtanga wa huku mwaujua, ukimwaga maji yapita tu, kwa hivyo nilitia mbolea ya kuku kabla ya kupanda na nikaongeza tena zilipofika magotini. Pembeni kuna lile ua la kutambaa, la rangi ya machungwa lenye jicho jeusi katikati, lilikuwa kwenye seng'enge sasa limerukia kunde. Shangazi asema ndilo linalozinyonya, ning'oe. Mimi nalipenda jamani. Halafu kuna vidudu vyeusi vidogo vimejaa kwenye ncha na sisimizi hawaishi. Nianze na lipi?

Kunde_za_Tui
Dada, mchawi wako ni mbolea ya kuku. Kunde hujitengenezea naitrojeni kwenye mizizi, ukizimwagia nyingine juu zakaa kunenepesha majani tu, kuzaa baadaye. Chimbua mche mmoja polepole utizame vile vinundu vya mizizini, pasua kimoja kwa ukucha, kikiwa cha waridi ndani basi vyafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani bado. Mbolea usitie tena msimu huu. Jua zapata? Maana chini ya mwembe utakula majani tu. Na hata ukiwa na mbegu nzuri kama K80 au M66, ambazo ni za mboga na za kunde pia, ukichuma ncha kila uchao ganda litokee wapi? Waambie majirani wapumzike kidogo 😂

Baba_Likoni
Hao weusi ni vidukari. Wafyonza maji ya mmea na kutoa utamu, sisimizi waja kwa ule utamu na huwalinda. Asubuhi wapige maji kwa nguvu mpaka chini ya majani, halafu pulizia maji yenye sabuni kidogo ya kipande, urudie baada ya siku chache. Wale wadudu wekundu wa madoa meusi usiwaguse, chakula chao ni hao vidukari. Ila ukiona jani limekunjamana lina mabaka ya kijani na njano, hiyo ni virusi, vidukari ndio wanaoibeba, dawa hamna, ng'oa mche wote. Na kama wamwagilia maji ya kisima yaonje, yakiwa ya chumvi kinga ya mvua kwenye pipa.

Binti_Tudor
Naomba nilitetee ua 😅 Hiyo ni Thunbergia, mzaliwa wa Afrika Mashariki hii hii, wala hainyonyi mmea mwingine. Ubaya wake ni kutambaa, yafunika kunde jua na kugombania maji. Tena tumba la mbegu likikauka hupasuka likarusha mbegu, ukiliacha hapo mwakani litakuwa kila mahali. Kata vikonyo uvipande kwenye ndoo kuukuu upande wa pili na waya wa kupandia, vyashika vizuri tu, kisha kale ka zamani ng'oa. Watu huchanganya na Rudbeckia, ile ya Marekani, ya njano, nayo ina jicho jeusi lakini yasimama wima haitambai, jimbo la Maryland limeifanya ua lake rasmi tangu 1918. Hiyo ingekaa na kunde bila vita. Ukibahatika kupata mbegu zake usizifukie, zibonyeze juu ya udongo tu kwa sababu zataka mwanga. Lakini usiagize kwa jamaa wa ng'ambo atie kwenye sanduku, kuingiza mbegu nchini lazima kibali cha KEPHIS, wale wakaguzi wa serikali wa mimea na mbegu.

Mama_Bustani_Kisauni
Nimechimbua, vinundu vichache na vyeupe, subhanallah. Mwembe ni wa jirani, tawi moja tu limeingia kwangu. Ua nalihamisha Jumamosi, shangazi atulie. Sasa hizi kunde zilizopo niziache ama nipande upya?

Kunde_za_Tui
Ziache ule mboga, lakini mistari miwili usiiguse uone kama itabeba. Vuli ikianza Oktoba panda upya, mbegu mbili kila shimo, shimo na shimo shibiri moja, mistari uiachie nafasi upite. Ukivuna zianike sawasawa kabla ya kutia kwenye galoni, fukusi hazikawii. Na lile tawi zungumza na jirani, si keshakula mboga zako?

Mama_Bustani_Kisauni
😂😂 Huyo huyo ndiye anayechuma zaidi.