Ushauri: Nitajuaje Land Rover 109 ya marehemu baba ilitoka kiwandani na rangi gani?

Mpasiansi
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, Pasiansi. Marehemu baba alituachia Land Rover 109 aliyoinunua kwenye mnada wa kiwanda cha kuchambua pamba. Kadi inaonyesha 1970. Ndiyo iliyokuwa ikitupeleka Magu kila Krismasi, watoto sita tumebanana nyuma na magunia ya mpunga. Kuiuza siwezi.

Nataka niirudishe ilivyotoka kiwandani. Sasa hivi ni nyeupe, tena ya brashi, mistari ya brashi inaonekana mpaka kwenye bawaba za milango. Taa kubwa ziko kwenye madigadi, shoo ya mbele (ule wavu wa mbele ya rejeta) ni ya plastiki. Kaka anasema ilikuwa kijani, shangazi anasema kijivu. Fundi rangi amenipa bei na Jumatatu anataka kukwangua bodi yote mpaka bati. Nithibitishe vipi kabla hajaanza?

Sangara59
Pole kwa msiba, mkuu. Msimamishe huyo fundi leo. Akishakwangua hakuna cha kuthibitisha tena.

Taa kwenye madigadi zisikutie wasiwasi, Series IIA za mwisho (toleo lililotangulia Series III) zilikuwa hivyo. Shoo ya plastiki ndiyo ina walakini, hiyo ilikuja na Series III mwaka 1971. Ya IIA ni ya waya wa chuma. Spidomita iko wapi?

Mpasiansi
Katikati ya dashibodi.

Sangara59
Basi ni IIA, shoo ilibadilishwa tu. Series III spidomita ilihamia mbele ya dereva.

Bodaboda_Igoma
Pitisha sumaku bodi nzima. Isiponasa, chini kuna puti, ile ya kuzibia mabonde kabla ya rangi.

FundiKirumba
Mdogo wangu, hapo utampoteza mwenzio. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, sumaku hainasi hata pasipo na puti. Inanasa kwenye chasisi na ule ukuta wa chuma kati ya injini na dereva. Puti isikilize kwa kugonga na kifundo cha kidole, mlio unakuwa mzito.

Mpasiansi, chukua msasa wa maji, usugue mahali padogo pa ukubwa wa sarafu, taratibu, ukilainisha kingo. Rangi zitajitokeza kama pete, moja ndani ya nyingine, ya kwanza kabisa ikiwa karibu na bati. Lakini usiamini paneli moja. Mlango unaweza kuwa umetoka gari jingine, na gari likishakwanguliwa zamani ile ya chini siyo ya kiwandani. Fungua paneli ya spidomita utazame nyuma yake, nyanyua siti za mbele, chungulia chini ya kibati cha namba. Huko brashi haifiki. Zikikubaliana sehemu nne au tano, umeipata.

MamaMabatini
Mimi nashona siti. Kaka, zile kuukuu usizitupe. Fumua kona moja utazame ngozi ya ndani: za mwanzo zilikuwa kijivu, baadaye zikaja nyeusi. Kwenye ubao wa chini hesabu matundu ya misumari, yakiwa mistari miwili ujue ilishavalishwa upya.

Sangara59
Na namba ya chasisi isome kwenye chasisi yenyewe, mbele kulia, pale springi inaposhikiliwa. Piga brashi ya waya, paka chaki. Tarakimu tatu za kwanza zinaeleza aina ya gari, upande wa usukani na soko. Ilingane na kadi. Kisha waandikie British Motor Museum, Gaydon, Uingereza. Wanatunza vitabu vya kiwanda na kwa malipo wanatoa cheti chenye tarehe ya kutengenezwa, namba ya injini, rangi na ilikopelekwa. Ila kama ilitoka kama vipande vya kuunganishwa, rangi inaweza isiwemo, kwa hiyo kazi ya msasa usiiache.

Mpasiansi
Wakuu, mrejesho. Fundi nimemsimamisha, amenielewa. Nyuma ya spidomita kijani kilichokolea, chini ya siti zote mbili kijani hicho hicho, chini ya kibati pia. Mlango wa kushoto pete ya mwisho ni kijivu, wa kulia kijani. Nimempigia shangazi, akakumbuka ule mlango wa kushoto baba aliununua baada ya kugongwa na lori Usagara, na upande huo ndio aliokuwa akikaa shangazi mwenyewe. Namba inalingana na kadi. Maombi ya cheti nayatuma kesho, na ule mlango wa kijivu sitaupiga msasa mpaka shangazi aje auone.