Naomba ushauri: nibaki dereva wa gari la maiti au niingie chumba cha maandalizi?

Wakuu, nahitaji mawazo ya wenye uzoefu.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya mazishi ya familia moja, mji mdogo. Mimi ni dereva, ingawa kwa uchache wetu nabeba pia majeneza, napanga viti na kupokea simu za usiku. Sasa mzee mwenye kampuni anataka nianze kuandaa maiti: kuosha, kuchoma dawa, kuvalisha.

Maiti siziogopi. Shida ni kwamba mji mdogo hauna marehemu mgeni. Juzi nilisaidia kumfunga tai mwalimu aliyenifundisha hesabu. Fundo likawa linakataa, mikono inatetemeka, na mkewe yuko nje anasubiri kumwona. Mnaofanya kazi hii, mnamudu vipi ikiwa ni mtu mnayemfahamu?

Halafu kuna fomalini, ile dawa ya kuzuia maiti isioze. Inawasha macho na koo hata nikisimama mlangoni, na feni ni moja tu, chakavu. Fomaldehaidi iliyomo iliwekwa na IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Nidai barakoa yenye chujio na mfumo wa kutoa hewa kabla sijakubali, au nitaonekana mjuaji?

Mshahara mpya hakuna aliyeutaja. Mzee anasema lake, watoto wake wawili kila mmoja anaamuru kivyake. Nianze kuongea na nani, na niombe mkataba wa maandishi?

Wenye utani wa mizimu, leo naomba mnipishe kidogo.