Kikombe, Karatasi Sita na Neno "Naweka"

Shangazi: Hamjambo nyote. Nina Salma na Juma hapa, ambao wamekwisha kuchoshwa na kila kitu, na ninaomba mchezo wa bahati ambao hautanilazimu kununua chochote. Dadu sina, ila karatasi, kalamu na kikombe ninavyo.

Yusufu: Shikamoo Shangazi, na shikamooni wakubwa wote. Upo mchezo unaohitaji dadu moja tu. Mchezaji hurusha mara nyingi apendavyo katika zamu yake, na kila namba kuanzia mbili hadi sita huongezwa kwenye alama alizo nazo mkononi. Akitaka kuzihifadhi husema "naweka", zikaandikwa, na zamu ikahamia kwa mwenzake. Ikitokea moja kabla hajalitamka neno hilo, alama zote za zamu hiyo hupotea, ingawa zile zilizokwisha kuandikwa haziguswi. Wa kwanza kufikisha 100 ndiye mshindi.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Na hiyo dadu nitaitoa wapi?

Yusufu: Penseli yenye pande sita inatosha. Andika namba moja hadi sita, kila upande na namba yake, iviringishe juu ya meza, kisha usome upande uliotazama juu. Ikikusumbua, kata vipande sita vya karatasi vinavyolingana, vikunje kwa namna moja na uvitie kikombeni.

Shangazi: Penseli imekimbilia chini ya kabati katika mviringisho wa pili, kwa hiyo tumehamia kwenye karatasi. Sasa wanagombania nani aanze.

Neema: Shikamoo Shangazi. Ugomvi wao una msingi. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa kompyuta, Todd Neller na Clifton Presser, walichapisha hesabu ya namna bora ya kuucheza mchezo huu, wakaonyesha kwamba watu wawili wakicheza bila kosa lolote, anayeanza hushinda kwa takriban asilimia 53. Waanze kwa zamu, mchezo huu mmoja na unaofuata mwingine.

Baba Mdogo: Mimi ninayo dadu halisi, na mke wangu amenipiga michezo miwili mfululizo. Katika zamu ya mwisho nilikuwa na alama 34 mkononi baada ya mirusho minane, na wa tisa ukaleta moja. Kilichoniponza ni kwamba moja ilikuwa imetokea katika zamu mbili zilizotangulia, nikaamini kwamba imekwisha kutoka vya kutosha.

Babu: Dadu haina mahali pa kuandika yaliyopita.

Baba Mdogo: Ni kweli, Baba, lakini mkono unaamini vingine. Yusufu, mtu asimamie wapi?

Yusufu: Zitazame nyuso sita za dadu, Baba Mdogo. Tano kati yake zinakupa alama, na ukizijumlisha mbili, tatu, nne, tano na sita unapata 20. Uso mmoja uliobaki unakunyang'anya vyote ulivyo navyo mkononi. Kwa hiyo ukiwa na chini ya 20, kurusha tena kunakuletea zaidi ya kinachohatarishwa. Ukiwa na 20 kamili mizani imelingana. Ukizidi hapo, unahatarisha kingi kwa kutafuta kidogo. Ulipokuwa na 34 ulikuwa umepita mahali pa kuweka kwa muda mrefu.

Baba Mdogo: Mke wangu hajui hesabu hiyo hata kidogo. Yeye huweka kila baada ya mirusho mitatu, na bado ananishinda.

Neema: Hayuko mbali nayo. Kuipita mirusho mitatu bila kuona moja kuna nafasi ya takriban asilimia 58, na ya nne inaishusha hadi 48. Isitoshe, yeye huacha kabla moyo haujaanza kudunda, jambo ambalo (nisamehe, Baba Mdogo) kwako halijawahi kuonekana.

Shangazi: Mimi nina jambo la ajabu zaidi. Salma hashindwi. Juma akipata moja, Salma anachomoa karatasi moja baada ya nyingine bila hata kusita, mpaka kikombe kinabaki kitupu, ndipo anaposema "naweka". Tena anatabasamu kabla hajatia mkono.

Yusufu: Shangazi, karatasi iliyokwisha kusomwa mnaipeleka wapi?

Shangazi: Tunaipanga mezani mbele ya aliyeichomoa. Kikombe kikiisha ndipo tunazikunja na kuzirudisha zote.

Yusufu: Basi kosa ni langu, kwa kuwa sikusema. Kila karatasi irudi kikombeni papo hapo, na kikombe kitikiswe kabla ya mkono kuingia tena. Babu amesema dadu haikumbuki. Kikombe chenu kinakumbuka. Moja ikishalala mezani mbele ya Juma, hakuna tena cha kuogopa ndani, na Salma anaokota zilizobaki kama mtu anayeokota vya kwake. Na kinyume chake, zikibaki karatasi mbili na moja haijatoka, hatari si moja kwa sita tena, ni nusu kwa nusu.

Shangazi: Nimemuuliza. Anasema aliligundua katika zamu ya pili, na hakuona sababu ya kututangazia.

Babu: Huyo mwacheni aendelee kucheza.

Shangazi: Tumeanza upya kwa sheria iliyotimia. Nimekata pia karatasi mpya, kwa maana ile ya moja ilikuwa imepata kona iliyopinda, na vidole vya Juma vilikuwa vimeanza kuizoea.

Shangazi: Naomba ushauri wa haraka. Juma ana 94 zilizoandikwa. Salma ana 71, na mkononi ana 19. Mkono wake umesimama juu ya kikombe. Aweke?

Baba Mdogo: Nineteen... samahani, kumi na tisa! Imebaki moja tu kufika 20. Achomoe mara moja zaidi, kisha aweke.

Neema: Hapana, hapa kanuni ya 20 haina kazi. Akiweka atakuwa na 90, na Juma anahitaji sita tu. Nafasi yake ya kuzipata katika zamu moja ni karibu asilimia 71. Salma akikaza mpaka atimize 100 sasa hivi, anahitaji kumi zaidi, na nafasi yake ni karibu asilimia 59. Asiweke kabisa.

Shangazi: Amekwisha kuchomoa wakati mnaandika. Amepata nne.

Shangazi: Tatu. Sasa ana 26 mkononi, amebakiza tatu.

Baba Mdogo: Jamani, aweke!

Shangazi: Ameniambia nisimsomee ujumbe wa mtu yeyote. Ametikisa kikombe.

Shangazi: Moja.

Baba Mdogo: Mwambieni Salma kwamba ninamkaribisha katika chama changu.

Shangazi: Hajalia. Amempelekea Juma kikombe, ameikunja ile moja mwenyewe na kuirudisha ndani. Juma amechomoa ya kwanza akapata mbili, na ya pili ni moja vilevile. Bado ni 94 kwa 71, zamu ya Salma. Simu ninaiweka chini.