Tupeane uzoefu: uliwezaje kushika mazoea ya kushukuru kila siku?

Wenzangu, asalaam aleikum na habari za jioni. Mwaka jana nilinunua daftari nikaazimia kuandika kila usiku mambo matatu ya kushukuru. Wiki ya kwanza kalamu ilikimbia. Ya pili nikajikuta naandika "afya, familia, riziki" siku tano mfululizo kama mtu anayejaza fomu, na mwezi haujaisha daftari likageuka la madeni ya duka. Kilichoniokoa ni kuacha kutaja mambo makubwa na kuandika tukio lenyewe: kwamba mama wa mahamri hapa Kibokoni, Mombasa, aliniwekea mawili ya moto kwa kuwa alijua nitachelewa, au kwamba umeme ulirudi kabla samaki hawajaharibika. Sasa ni mwezi wa saba nikiandika hivyo. Nyinyi mmefanyaje?

Mchangiaji wa Likoni: Mimi sina daftari. Navuka feri kila asubuhi kwenda kazini kisiwani, na tangu ing'oe hadi iguse ng'ambo humkumbuka mtu mmoja aliyenifaa jana, pamoja na jambo alilonitendea. Nilipojaribu kufanya hivyo kitandani usingizi ulinishinda, lakini feri haisahauliki. Jumapili, nisipovuka, nakiri kwamba sikumbuki hata kidogo.

Mchangiaji wa Kisauni: Sisi tunaovuta uradi baada ya swala tunayo Alhamdulillahi 33, mara tano kwa siku, ila ulimi wangu ulikuwa ukimaliza kabla moyo haujaanza. Nikaamua kwamba baada ya Alfajiri pekee, kila punje ya tasbihi niipe neema yake. Punje 33 ni nyingi, jamani! Nilipofika ya kumi na tano nilikuwa nashukuru vijiko, na vijiko hivyo vikanikumbusha marehemu bibi aliyenipa nilipoolewa, nikalia pale pale kwenye mswala. Tangu siku hiyo sijaharakisha.

Mchangiaji wa Changamwe: Naomba niseme upande wa pili. Nilipoachishwa kazi kila jamaa alinihimiza nishukuru, hadi nikaona shukrani ni njia ya kuninyamazisha. Nilirudi kwenye jambo hili baada ya kusoma kuhusu majaribio ya wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2003, ambamo walioandika hadi mambo matano mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko walioandika kero zao. Mwenzao Sonja Lyubomirsky naye aliona kwamba waliohesabu neema mara moja kwa wiki walinufaika kuliko waliofanya hivyo mara tatu. Kwa hiyo mimi huandika Alhamisi tu, na ukurasa wa kushoto huandika kwanza yaliyoniuma, kwa sababu nisipoyatoa hayo, ukurasa wa kulia huwa uongo mtupu.

Dada wa Changamwe, umenigusa. Nilifungua uzi huu nikidhani kwamba anayeruka siku ameshindwa, na sasa naona huenda "afya, familia, riziki" ilitokana na kujilazimisha kila usiku. Leo nitaacha daftari lilale. Ila yule mama wa mahamri, miezi yote hii namwandika tu, sijapata kumwambia. Kesho nikipita nitamwambia.