Kuna mwanamke aliyetoka kimaisha kwa uchoraji?

Mama Uyole: Habari za baridi wadau, binti yangu yuko fomu two, kutwa anachora wabeba viazi pale Mwanjelwa kwa penseli, mjomba wake anasema hiyo sio kazi ya mwanamke. Nimjibuje?

Mdau Iringa: Dada mwambie habari za Elizabeth Thompson wa Uingereza, 1874 picha yake ya askari hoi kwenye theluji ilijaza watu mpaka polisi akawekwa kuilinda, Malkia Victoria mwenyewe akainunua. Ila 1879 akakosa kura 2 tu kuingia Royal Academy, chama cha wasanii wakubwa wa huko, inaniuma kwa kweli

Mafinga: Na Laura Herford 1860 aliomba shule ya hiyo Royal Academy akaficha jina la kwanza, akaandika herufi tu, wakadhani mwanaume wakampokea! Mnunulie rangi mtoto