Fidia ya utumwa na ukoloni: Ujiji na Tabora tudai nini, na kwa nani?

Upepo wa Kibirizi
Wakuu, Umoja wa Afrika uliufanya 2025 kuwa mwaka wa fidia. Nyuma yake kuna mikutano ya Abuja 1993, Durban 2001, na Accra 2023 ambako walikubaliana uanzishwe mfuko wa fidia wa dunia. Nchi za Karibi zina mpango wao wa vipengele 10 tangu 2014. Sisi tuliokaliwa na njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji, kilomita kama 1,200, hatuna hata ukurasa mmoja wa madai. Adai nani, kwa nani, kwa lipi? Mimi naona walioumia ni Ujiji. Tabora walikuwa vibarua wa Waarabu tu, wanabebeshwa mizigo kama punda.

Mtwale wa Isevya
Ulianza vizuri ukaja kuharibu mwishoni. Punda hapatani bei. Pagazi wa Kinyamwezi alikuwa anapatana ujira kabla hajagusa mzigo, analipwa kwa merikani, yaani kitambaa cha pamba, na posho juu yake. Mzigo wa kawaida frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, bado hujahesabu mkeka wake, chungu na chakula cha njiani. Ukimzidishia anautua chini. Ukimkatia posho, asubuhi unaamka una mizigo huna watu. Ndiyo maana Wazungu waliopita huku wote wanalia na utoro wa wapagazi.

Gungu Stendi
Frasila mbili? Na pembe ya ndovu dume nayo ilikatwa vipande ifike frasila mbili? 😂

Mtwale wa Isevya
Haikatwi, ukiikata umeua bei. Pembe ndogo zinafungwa kitita kimoja. Kubwa anabeba mwenye bega lake peke yake, tena kwa maringo, na wengine walikuwa wanaifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha. Ikizidi hapo, watu wawili na mti. Uliza kwanza ndipo ucheke.

Wakili wa Mwandiga
Naomba turudi kwenye swali. Wanaodhani tutakwenda mahakamani wasome kesi mbili za Kenya. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa wazee 5,228 wa Mau Mau, pauni milioni 19.9. Kilichowasaidia: walioteswa wenyewe walikuwa hai, makovu yana ripoti ya daktari, na mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park huko Uingereza yalikuwa yameibuka. Kundi jingine la watu zaidi ya 40,000 likaanguka London 2018. Muda ulikuwa umepita mno, mashahidi wamekufa, nyaraka hazitoshi. Hao ni wa miaka ya 1950. Sasa wewe unakuja na msafara wa 1870, nani atapanda kizimbani?

Njia iliyobaki ni serikali kwa serikali, nayo ina mtego wake. Namibia waliahidiwa na Ujerumani 2021 euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, ikaandikwa kama misaada ya maendeleo ili isiwe deni la kisheria. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama, jamii zilizouawa na Mjerumani enzi za ukoloni, wakaukataa mpango huo, wanasema hawakukalishwa mezani. Kabla ya kutaja kiasi, andikeni nani atakaa kwenye kiti.

Kasingirima Boy
Mbona Mwingereza alishawalipa watumwa pauni milioni 20? Hilo lilishaisha.

Wakili wa Mwandiga
Walilipwa mabwana, ndugu yangu. Mtumwa hakuona hata senti. Na mkopo uliotumika kuwalipa ulimalizwa 2015, kwa kodi za wananchi, wakiwemo wajukuu wa watumwa.

Na huku kwetu kuna kubwa zaidi. Mjerumani hakufuta utumwa. Amri yake ya 1901 ilimruhusu mtumwa kujinunua mwenyewe kwa bwana wake. Nyingine ikasema watoto wanaozaliwa kuanzia 1906 wako huru, mama zao waendelee. Utumwa wenyewe ulifutwa na Mwingereza 1922. Kwa hiyo kuna miongo mitatu ambayo dola ya Ulaya ilisimamia utumwa Tabora na Ujiji kwa karatasi na mihuri. Dai lianzie hapo, ndipo penye nyaraka.

Gungu Stendi
Yaani umezunguka kote huko Mwarabu hujamtaja. Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa, alikaa Ujiji au Berlin? Mwenzake Tippu Tip je?

Mtwale wa Isevya
Na watemi waliouza watu mmewasahau makusudi? Mimi wa kwangu siwafichi. Ila Isike, mtemi wetu wa Unyanyembe, mtajeni kwa heshima, alijilipua na baruti ndani ya boma lake 1893 kuliko kushikwa na Mjerumani.

Kasingirima Boy
Kumbe kuna watemi wazuri na wabaya, na wazuri wote wako Tabora. Sawa bwana.

Mzee wa Gati
Vijana mnachosha. Mjerumani atutengenezee Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, yaishe.

Gungu Stendi
Shikamoo mzee. Hapo umenena! Si waliizamisha Waingereza?

Mzee wa Gati
Marahaba. Wajerumani wenyewe, Julai 1916. Iliundwa Papenburg 1913, ikafunguliwa, ikaja kwenye makreti 5,000 kwa meli hadi Dar, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini 1915. Walipoona wanashindwa vita wakapaka mitambo grisi nene, wakaizamisha kwa mpango warudi kuichukua. Mwingereza akaiibua 1924, ikaanza safari kwa jina la Liemba 1927.

Kasingirima Boy
Basi kazi ndogo, ni kuchomelea palipoliwa na kutu na kubadilisha injini.

Mzee wa Gati
Ungekuwa fundi wangu ningekufukuza leo. Ganda lile ni la ribiti, yaani pini za chuma zinazoshikanisha mabamba. Ukichomelea karibu na ribiti, joto linalegeza za jirani, unaziba tundu moja unafungua matano. Kwanza ipande nchi kavu, upigwe mchanga hadi chuma kionekane, upimwe unene wa kila bamba, hasa usawa wa maji na chini ya mitambo. Lililoliwa linatolewa zima, ribiti kwa ribiti.

Wakili wa Mwandiga
Mzee, kwa heshima: na wakiitengeneza kwa mkataba ulioandikwa "ushirikiano", mtasaini? Hiyo ni Namibia ile ile, mmeuza dai lote kwa mabamba na rangi.

Mzee wa Gati
Nitasaini asubuhi na mapema. Ilisimama safari 2018, na watu wa Karema hadi Kasanga hawapandi hoja.

Upepo wa Kibirizi
Mada ni fidia jamani.

Kasingirima Boy
Mzee, hizo ribiti bado zinapatikana au ni za kufua upya?